Meneja wa Fedha Gerezani au Mhasibu kiwandani: nilivyopima cheo na kukua kitaaluma

Jumamosi moja mdogo wangu alikuja kwangu Tabata na barua mbili za ajira ndani ya bahasha moja ya kaki. Barua ya kwanza inamwita Meneja wa Fedha. Imetoka kwa mwagizaji wa vifaa vya ujenzi mwenye duka na ghala pale Gerezani, mtaa wa biashara Dar es Salaam, wafanyakazi wanane. Ya pili inamwita Mhasibu, basi. Imetoka kwenye kiwanda kimoja cha Barabara ya Nyerere chenye idara ya fedha ya watu kumi na mmoja. Yeye ana miaka minne kazini na amebakiza masomo mawili amalize mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa juu. Kabla sijafungua bahasha akaniambia, "Dada, mama ameshawaambia majirani kuwa mimi ni meneja."

Tulikaa na barua zile mpaka magharibi. Naandika tuliyoyapima kwa sababu watu wengi wanashika barua mbili za namna hii na kuchagua ile yenye jina kubwa, halafu miaka miwili baadaye hawajui kwa nini hawaitwi kwenye usaili. Msimamo wangu nautoa mapema: mtu ambaye hajatimiza miaka sita au saba kazini aangalie kwanza kazi itakayopita mikononi mwake, jina la mlangoni lifuate. Lakini barua ya Gerezani haikuwa barua mbaya, na ingekuwa dhuluma kuichana kwa sababu tu mimi nina kidonda changu cha zamani.

Pesa kwanza

Nilianza na mshahara kwa kuwa ndio uliokuwa umemkaa kichwani. Gerezani wanatoa 1,800,000 kwa mwezi, kiwanda 1,500,000. Laki tatu ni kodi ya vyumba viwili mtaani kwetu, si kitu cha kupuuza. Nikachukua kalamu, nikamwambia tuhesabu kama tunavyowahesabia wengine.

Gerezani: 1,800,000. Toa NSSF (mchango wa pensheni) 180,000, toa PAYE (kodi ya mshahara) 314,000, toa Bodi ya Mikopo (deni la mkopo wa chuo) 270,000. Inabaki 1,036,000.

Kiwandani: 1,500,000. Toa NSSF 150,000, toa PAYE 233,000, toa Bodi ya Mikopo 225,000. Inabaki 892,000.

Laki tatu ya kwenye barua imekuwa 144,000 mkononi. Sababu anaijua kila mhasibu, ila tunaisahau mshahara ukiwa wetu wenyewe: kila shilingi inayozidi milioni moja baada ya kutoa NSSF inakatwa asilimia 30, na anayedaiwa na Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara juu ya hapo. Kiwanda kinatoa chakula cha mchana na bima ya afya. Gerezani hawatoi. Ukila kwa mama ntilie siku ishirini na mbili za kazi na ukalipia hospitali mara moja kwa mfuko wako, ile 144,000 imekwisha.

Kwa hiyo kwenye pesa barua mbili zilikuwa karibu sawa. Hilo lilimshangaza, na mimi pia kidogo.

Ndani ya neno "meneja" mna nini

Nina sababu ya kulichungulia neno hili. Nikiwa na miaka 27 niliacha kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, nilikokuwa mkaguzi msaidizi, nikaenda kwenye kampuni ndogo iliyonipa cheo cha Meneja wa Fedha na Utawala. Mwenye kampuni ndiye aliyeshika kitabu cha hundi. Ndiye aliyeongea na benki, ndiye aliyeamua nani alipwe wiki hii na nani asubiri. Mimi niliandika vocha, nikapeleka ritani za VAT kabla ya tarehe 20, nikasimamia ununuzi wa karatasi na maji ya kunywa. Baada ya miaka miwili niliomba kazi kubwa zaidi. Kwenye usaili wakaniuliza kama nimewahi kuandaa hesabu za mwaka mwenyewe mpaka mkaguzi akazisaini. Wakauliza nimetengeneza bajeti ya idara ngapi. Wakauliza nimesimamia watu wangapi, na nani kati yao alipanda nikiwa bosi wake. Sikuwa na jibu hata moja. Msaili mmoja akarudi ukurasa wa kwanza wa CV yangu, penye cheo, akausoma tena, kisha akaniangalia. Wenzangu niliowaacha kwenye ukaguzi walikuwa tayari wanaongoza timu. Ilinichukua miaka mitatu kuwafikia.

Ndiyo maana nilimtuma mdogo wangu apige simu Gerezani Jumatatu na kuuliza bila aibu. Nani wanasaini benki? Chini yangu kuna nani? Nitaripoti kwa nani, na yeye anajua nini ambacho mimi sijui? Hesabu za mwaka anaziandaa nani? Nilitaka majibu hayo kabla ya kingine chochote, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonyesha cheo kimebeba nini.

Majibu yalikuja kwa uungwana. Wasaini benki ni mwenye biashara na mkewe. Chini ya meneja yuko keshia mmoja. Anaripoti kwa mwenye biashara, mfanyabiashara hodari ambaye hakusomea hesabu. Na hesabu za mwaka zinaandaliwa na mtaalamu wa nje anayekuja mara moja kwa mwaka. Hapo kwenye jibu la mwisho mdogo wangu alinyamaza kwenye simu. Kazi ambayo hasa ingemkuza ilikuwa inafanywa na mtu mwingine.

Cheo ni dhamana

Kizazi cha wazazi wetu kilikariri maneno hayo katika ahadi za mwana-TANU, na yalikuwa na maana ya uadilifu. Kwa mhasibu yana maana nyingine ya ziada iliyo karibu zaidi na ile ya benki. Cheo kinakufunga.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaipa TRA, Mamlaka ya Mapato, njia ya kumdai binafsi msimamizi wa taasisi kwa kodi ambayo taasisi haikulipa, asipoonyesha kwamba alichukua hatua zinazostahili kuzuia hali hiyo. Kuwa ndani ya hilo kundi au nje yake kunategemea kazi unayofanya na mamlaka uliyo nayo, na ubishi huo unaweza kuwa mrefu. Sasa mfikirie meneja wa fedha asiye na saini. PAYE inatakiwa kulipwa tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Pesa ipo benki, lakini mwenye mali amesafiri Guangzhou kununua mzigo na ameamua TRA isubiri. Wewe huna uwezo wa kuilipa, na jina lako ndilo lililoandikwa kwenye kila barua inayokwenda TRA. Simtishi mtu. Nasema tu kwamba dhamana bila mamlaka ni mzigo ambao mshahara wa 144,000 zaidi hauufidii.

Upande wa sheria ya kazi nako kuna mambo mawili ya kusoma kabla ya kusaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, iliruhusu mikataba ya muda maalumu kwa wanataaluma na kada ya mameneja. Mhasibu naye ni mwanataaluma, kwa hiyo mwajiri yeyote kati ya hawa wawili angeweza kumpa mkataba wa namna hiyo. Ila waliofanya hivyo ni Gerezani: miaka miwili, na kuongezwa ni kwa hiari ya mwajiri. Kiwanda kilimpa ajira ya kudumu baada ya miezi sita ya matazamio. Jambo la pili ni saa za kazi. Sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Lakini masharti hayo hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Meneja wa Gerezani anaweza kuangukia humo, kwa ajili ya keshia mmoja tu. Usiku wa kuhesabu mali ghalani hautaonekana kwenye hati yake ya mshahara. Mhasibu wa kiwandani analipwa.

Kuna moja linalowagusa wote wanaohama, nalo husahaulika. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumfikii aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Miaka minne aliyoijenga alipo sasa haitahama naye. Aendako anaanza upya, awe meneja au asiwe.

Kukua ni kitu cha kushikika

Watu husema "nataka kukua kitaaluma" kama wanavyosema nataka amani. Kwa mhasibu jambo hili linahesabika. Mwaka huu umefanya nini mwenyewe ambacho mwaka jana ulifanyiwa? Umefunga hesabu za mwezi peke yako? Umekaa na mkaguzi wa nje ukajibu maswali yake kwa nyaraka zako? Unaweza kueleza kwa nini faida imeshuka, kwa mtu asiyejua debiti wala krediti, akaelewa?

NBAA, bodi ya wahasibu inayosimamia CPA, nayo haitazami mitihani tu. Kufaulu masomo yote ya CPA hakukufanyi usajiliwe kuwa CPA papo hapo, kwa sababu bodi inataka pia miaka mitatu ya uzoefu wa vitendo inaoukubali. Mtu anayebeba cheo cha umeneja huku kazi yake ni vocha na pesa ndogo ndogo za ofisini anaweza kujikuta hana la kuandika kwenye maelezo ya uzoefu wake.

Kiwandani mdogo wangu angekuwa kwenye hesabu za gharama. Malighafi inaingia, inachanganywa, nusu ya bidhaa iko kwenye mashine siku ya mwisho wa mwezi na lazima ipewe thamani. Umeme na mishahara ya karakana inagawanywa kwenye kila katoni. Ghala linasema magunia mia tisa, mfumo unasema mia tisa na arobaini, na kabla ya siku ya tano ya kazi lazima pawe na jibu. Kazi hii huwezi kuisoma ukaijua. Anakufundisha mtu aliyekwisha kukosea mbele yako.

Na mtu huyo yupo. Bosi wa idara ni mama mwenye CPA yake ya miaka mingi. Kwenye usaili alimpa mdogo wangu swali dogo la kuthamini malighafi. Akalijibu, lakini akaacha nje gharama ya kuisafirisha malighafi kutoka bandarini hadi kiwandani. Mama yule alimkosoa palepale: nauli ya mzigo ni sehemu ya gharama ya mali, huwezi kuitupa kwenye gharama za uendeshaji halafu ukaniambia bei ya katoni. Kisha akamwacha alirekebishe. Nilimuuliza mdogo wangu alijisikiaje. "Niliona aibu," akasema, "lakini sitasahau tena." Kwangu mimi dakika zile tano zilikuwa na uzito kuliko neno lolote la kwenye barua. Bosi anayekukosoa akiwa bado hajakuajiri atakukosoa pia akishakuajiri.

Hapa lazima nitende haki kwa Gerezani. Biashara ndogo inaweza kuwa shule kubwa. Kiwandani mtu mmoja anashughulika na wadai, mwingine na benki, mwingine na kodi, na ukikaa vibaya unaweza kumaliza miaka miwili ukiingiza ankara za wauzaji wale wale. Gerezani ungeona kila kitu kwa wiki moja: nyaraka za forodha, mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, benki, VAT, mishahara, mteja wa mkopo anayekwepa simu. Ungejua biashara inavyopumua. Ningekuwa na ndugu anayetaka kufungua duka lake baada ya miaka mitano, ningempeleka Gerezani hata kwa cheo cha keshia. Pia, kama mwenye biashara angekubali kumweka kwenye saini na kumwachia hesabu za mwaka aziandae mwenyewe, yule mtaalamu wa nje abaki kukagua, mizani yangu ingebadilika kabisa. Mdogo wangu aliliuliza hilo pia. Jibu lilikuwa "tutaona mbele ya safari."

Cheo kinapostahili kushinda

Sitaki mtu atoke hapa akidhani cheo ni hewa. Serikalini cheo na mshahara vimefungwa pamoja katika muundo wa utumishi: Mhasibu Daraja la II, Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu, kila mmoja na ngazi yake ya mshahara. Huko kukubali daraja la chini kwa matumaini ya "kukua" ni kujipunguzia mshahara kwa miaka. Wanaokwenda Omani au Falme za Kiarabu nao wanajua kuwa kazi iliyoandikwa kwenye kibali cha ukaazi ina uzito wa kisheria, si pambo.

Halafu kuna mtu ambaye tayari anaifanya kazi ya umeneja bila kuitwa meneja. Ana miaka tisa kazini, anafunga hesabu, anaandaa bajeti, anafundisha vijana wapya, na kila tangazo la kazi linataka "uzoefu wa miaka mitatu katika nafasi ya uongozi". Huyu cheo ni haki yake iliyocheleweshwa. Akipata barua inayomwita jina lake halisi, aichukue hata kama mshahara haujapanda, kwa sababu jina hilo litamfungulia mlango ambao kazi yake imeshaulipia. Nimewaona wanawake wengi katika taaluma hii walioachwa hapo kwa miaka, wakiitwa "msaidizi" wa watu waliowafundisha wao wenyewe. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba cheo si kitu ni kumdhulumu mara ya pili.

Shida ya mdogo wangu ilikuwa kinyume chake. Cheo kilikuwa kimetangulia kazi.

Kilichoombwa na kilichopatikana

Nilimshauri asijibu barua ya kiwanda kwa "ndiyo" ya moja kwa moja. Aombe vitu vitatu kwa maandishi: aitwe Mhasibu wa Gharama badala ya Mhasibu tu, kwa kuwa jina mahususi linamweleza atakayesoma CV yake kesho anachokijua; azungushwe kwenye meza tatu za idara ndani ya miezi kumi na minane ya mwanzo; na apewe ruhusa ya siku za mitihani ya NBAA, mwezi Novemba. Cheo ni rahisi kwa mwajiri kukitoa kwa sababu hakimgharimu. Muda wa mitihani na kuhamishwa meza vinamgharimu, ndiyo maana nilitaka viwekwe kwenye karatasi.

Jina alipata. Ruhusa ya mitihani alipata, imo ndani ya mkataba. Kuzungushwa meza hawakukubali kukuandika kwenye mkataba, lakini bosi wa idara alimwandikia barua pepe yenye mpango wa miezi kumi na minane, meza kwa meza. Nilimwambia aichapishe na aihifadhi. Aliomba pia waongeze laki moja, wakakataa.

Alisaini Alhamisi. Alipo sasa ametoa notisi ya siku 28, na nimemsisitiza asiondoke bila cheti chake cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kisheria kumpa, na aangalie taarifa ya michango yake NSSF mwezi kwa mwezi kabla ya siku ya mwisho, si baada. Mama tulimweleza jioni ile ile. Aliuliza kama bima ya afya inamhusu na mzazi. Inamhusu. Hakuuliza tena habari ya umeneja.

Yule bwana wa Gerezani mdogo wangu alimpigia simu mwenyewe na kumshukuru, kisha akamwandikia. Bwana yule hakukasirika. Alimuuliza kama anamfahamu mhasibu mwingine, na mdogo wangu akampa jina la kaka mmoja aliyefanya naye kazi, mwenye miaka kumi na miwili kwenye biashara za uagizaji. Kaka huyo alikwenda kuonana naye wiki iliyofuata. Kabla hajauliza mshahara, aliuliza kama atawekwa kwenye saini za benki.